Siri ya Kuonyeshwa na Siri ya Kufichwa: Uhakiki wa Ziara ya Jumba la Greystone

Utangulizi

Wanafunzi wetu wanaosoma Kiswahili cha utalii huja darasani wakiamini kwamba kumwongoza mgeni ni kazi ya msamiati tu. Mwongozaji ajue kukiita kila kitu kwa jina lake, ajue adabu ya salamu, na ajue kutaja miaka bila kukosea. Hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi. Ziara ya jengo la kihistoria ni masimulizi. Ina msimulizi na hadhira, ina mandhari na wahusika, ina mwanzo, kilele na mwisho. Ikiwa hivyo ndivyo, basi ziara inaweza kuhakikiwa kwa vigezo vilevile tunavyotumia kuhakiki hadithi, riwaya au tamthilia.

Katika makala haya tunakusudia kufanya jaribio hilo. Tumechagua jumba la Greystone lililoko Beverly Hills, California, nchini Marekani. Jumba hili ni mojawapo ya majumba ya matajiri yaliyojengwa wakati pombe ilipokuwa imepigwa marufuku na Katiba ya nchi hiyo, na ndani yake kuna baa iliyojengwa ili ifichike. Majumba ya namna hii hupendwa sana na watalii, na mara nyingi chumba cha siri cha sherehe ndicho kinachotangazwa kwanza. Swali letu ni hili: chumba hicho kinasimulia nini, na kinawasaidia wasikilizaji kusahau nini?

Ni vyema tueleweke mapema. Hatumhakiki mwongozaji yeyote, wala hatuwalaumu wanaolitunza jumba hilo. Tunachohakiki ni utanzu, yaani namna ya kusimulia ambayo imeenea katika ziara za aina hii kokote duniani, pamoja na jengo lenyewe kama matini.

Usuli wa kihistoria

Marekebisho ya kumi na nane ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa tarehe 16 Januari 1919, na utekelezaji wake ulianza tarehe 17 Januari 1920. Yalikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha pombe kali za kulevya. Sheria ya kuyatekeleza, iliyojulikana kwa jina la Volstead, ilipitishwa tarehe 28 Oktoba 1919 baada ya Bunge kuipiku kura ya turufu ya Rais Woodrow Wilson. Marufuku hayo yalidumu hadi tarehe 5 Desemba 1933, yalipofutwa na marekebisho ya ishirini na moja. Hadi leo hayo ndiyo marekebisho pekee ya Katiba ya Marekani yaliyowahi kufutwa na marekebisho mengine.

Kuna jambo moja ambalo masimulizi ya vyumba vya siri hulipita haraka mno. Sheria hiyo haikukataza kunywa. Mtu aliyekuwa na pombe nyumbani kwake kabla ya marufuku kuanza aliruhusiwa kuitumia humo humo, yeye na familia yake na wageni wake wa kweli. Maana yake ni rahisi kuiona. Aliyekuwa na fedha na ghala aliweza kununua kreti kwa kreti mwaka 1919, akafunga mlango, akaendelea na maisha. Kibarua aliyenunua glasi moja kila jioni baada ya kazi hakuwa na ghala la kujaza wala fedha za kulijazia. Sheria ilikuwa moja, lakini tangu mwanzo ilimtambua mwenye stoo.

Mfano ulio wazi uko Washington. Rais Wilson alipomaliza muda wake mwezi Machi 1921 alihamia nyumba yake ya mtaa wa S, na mvinyo wake ukahamia naye. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Stoo yake ya mvinyo haikuwa na haja ya ukuta wa kujifungua, kwa sababu mwenyewe hakuwa na la kuficha. Tukiweka stoo hiyo kando ya baa ya Greystone, tunapata swali zuri la uhakiki: ikiwa kunywa nyumbani kwako hakukuwa kosa, mbona baa ilifichwa?

Mandhari: jumba lenyewe

Jumba la Greystone lilijengwa kati ya mwaka 1927 na 1928 kwa mchoro wa msanifu Gordon Kaufmann. Mwenye fedha alikuwa Edward L. Doheny, tajiri wa mafuta ya petroli, naye alimpa mwanawe Edward mdogo, aliyeitwa Ned, pamoja na mkewe Lucy na watoto wao watano. Lina vyumba 55, na eneo la sakafu lake ni zaidi ya futi za mraba 46,000. Gharama yake ilipita dola milioni 3 za wakati ule. Familia ilihamia mwezi Septemba 1928.

Mgeni anayeingia hukutana na ukumbi wenye sakafu ya marumaru nyeusi na nyeupe, mfano wa ubao wa drafti, na ngazi yenye nakshi za mbao zilizochongwa kwa mkono. Sebule ina roshani ya wanamuziki, ili wageni wasikie ala bila kusumbuana na wapigaji. Kisha kuna upande wa burudani. Huko kuna ukumbi wa sinema, chumba cha biliadi, njia mbili za mchezo wa bolingi, na baa ile iliyofichwa.

Kifani, mpangilio huu umekaa vizuri sana kwa msimulizi. Unaanza na fahari, unapanda ngazi, unapita vyumba vya kulala, unashuka kwenye michezo. Baa ikifika mwishoni, au karibu na mwisho, inakuwa kilele. Wasikilizaji wamechoka kuhesabu marumaru na sasa wanapewa kitu cha kucheka nacho. Ukuta unafunguka, chupa zinaonekana katika mawazo ya kila mtu, na tajiri aliyekuwa mbali anageuka kuwa rafiki mtundu aliyewahadaa polisi. Hatuna budi kukiri kwamba mbinu hii inafanya kazi. Kicheko ni sehemu halali ya masimulizi, na mtambaji asiyechekesha hukimbiwa na hadhira. Tatizo letu ni gharama ya kicheko hicho.

Siri ya kwanza: baa

Tuichunguze baa hiyo kama ishara. Nyumba ilikamilika mwaka 1928, miaka minane baada ya marufuku kuanza. Mtu anaweza kudai kwamba pombe yote iliyonywewa humo ilikuwa akiba ya kabla ya mwaka 1920, lakini baa iliyojengwa makusudi, yenye sehemu yake ya kujificha, haifanani na stoo ya akiba. Inafanana na mahali panapotarajia mzigo mpya. Na mzigo mpya haukuweza kufika bila mtu wa kuutengeneza, mtu wa kuusafirisha na mtu wa kuuuza, na hao watatu wote walikuwa wahalifu mbele ya sheria. Mnywaji hakuwa mhalifu. Kwa hiyo baa ya siri ilificha mwisho wa mnyororo ambao hatari yake yote ilikuwa imebebwa na watu wengine kabla haujafika mezani.

Aidha, kuna suala la muda. Ned Doheny aliishi humo kwa takriban miezi mitano tu, kwa sababu alikufa tarehe 16 Februari 1929. Mjane wake alibaki katika jumba hilo hadi mwaka 1955. Katika miaka 27 hivi ya familia hiyo, marufuku yalikuwapo kwa miaka mitano na miezi michache. Hata hivyo masimulizi ya chumba cha siri huinyosha miaka hiyo mitano hadi ifunike yote 27, na huijaza sherehe ambazo msimulizi hana mwaliko wake wala orodha ya wageni wake. Hapa mhakiki anapaswa kuuliza: je, tunasimuliwa historia ya nyumba hii, au tunasimuliwa filamu tulizokwisha kuziona?

Siri ya pili: mkoba

Jumba hili lina siri nyingine, kubwa kuliko baa, ambayo haihitaji ukuta wa kujifungua. Mwaka 1921 Ned, pamoja na Hugh Plunkett aliyekuwa mtumishi na msiri wake, walipeleka dola 100,000 taslimu kwa Albert Fall, waziri aliyesimamia ardhi na maliasili za serikali ya Marekani. Fedha hizo zilitoka kwa Doheny mkubwa. Baadaye kampuni yake ikapata haki ya kuchimba mafuta yaliyokuwa yametengwa kwa ajili ya jeshi la majini huko Elk Hills, California. Doheny alisema ulikuwa mkopo kwa rafiki wa zamani. Kashfa hiyo, inayokumbukwa kwa jina la Teapot Dome, ilitikisa serikali nzima.

Mwisho wake una kinaya ambacho mwandishi wa riwaya angeogopa kukitunga kwa hofu ya kutoaminiwa. Mwezi Oktoba 1929 mahakama ilimtia hatiani Fall kwa kupokea rushwa. Mwezi Machi 1930 mahakama ilimwachilia Doheny kwa shtaka la kuitoa. Fedha zilezile, mkoba uleule: kwa mpokeaji zikawa rushwa, kwa mtoaji hazikuwa.

Ned na Plunkett hawakuiona hukumu hiyo. Usiku wa tarehe 16 Februari 1929 wote wawili walikutwa wamekufa kwa risasi katika jumba jipya la Greystone. Maelezo rasmi yalikuwa kwamba Plunkett alimuua Ned kisha akajiua. Wako wengi waliotilia shaka maelezo hayo tangu siku ile, na vitabu vimeandikwa. Sisi hatuna la kuongeza juu ya nani alimpiga nani. Tunachotaka kuonyesha ni jinsi masimulizi yanavyoyapanga mambo haya. Katika ziara za aina hii kifo husimuliwa kama fumbo la mapenzi au la mizimu, na baa husimuliwa kama mzaha. Mkoba wenye dola 100,000, ambao ndio uzi unaoziunganisha siri zote mbili, unaweza kutajwa kwa sentensi moja ukapita.

Kwa lugha ya darasani tungesema kwamba matukio yapo ila msuko haupo. Na msuko ukikosekana, dhamira nayo hukosekana.

Siri ya tatu: ngazi ya nyuma

Siri ya tatu haifichwi na mtu, na ndiyo maana haionekani. Jumba la Greystone lilijengwa na upande mzima wa watumishi, wenye nafasi ya watumishi 15 kulala humo humo. Mtu huyu ndiye aliyefuta glasi. Ndiye aliyejua chupa ziliingia kwa mlango gani, saa ngapi na kwa gari la nani. Kama ulikuwapo upelelezi wa kweli, yeye ndiye angeulizwa kwanza, na kama zingekuwapo pingu, huenda yeye na dereva ndio wangezivaa kabla ya bwana mkubwa.

Plunkett mwenyewe alianza kama mtu wa kazi. Aliijua familia kwa kuihudumia magari, kisha akapanda hadi kuwa msiri, na usiri huo ndio uliomfanya abebe mkoba usio wake. Katika fasihi yetu simulizi mhusika wa namna hii tunamfahamu. Ni mtumwa au kijakazi anayejua siri ya sultani, na hadithi haimwachi kamwe aifunge kwa amani. Ajabu ni kwamba ziara ya jumba humtaja Plunkett usiku wa kifo tu, kana kwamba alizaliwa saa nne za usiku ule akafa saa tano.

Sheria ni msumeno?

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hebu tuupime msumeno huu.

Mwezi Desemba 1928, miezi mitatu hivi baada ya familia ya Doheny kuhamia Greystone, mahakama ya Lansing katika jimbo la Michigan ilimhukumu Etta Mae Miller kifungo cha maisha. Alikuwa mama wa watoto kumi. Kosa lake lilikuwa kuuza kiasi kidogo cha pombe, na kwa kuwa lilikuwa kosa lake la nne, sheria ya jimbo juu ya wahalifu sugu ilimwangukia kwa uzito wake wote. Umma ulipiga kelele, na baadaye aliachiliwa. Lakini Krismasi ya mwaka huo aliipitisha akijua kwamba atafia gerezani, wakati ambapo huko California kulikuwa na ukuta mpya unaofunguka na kufunga.

Wala gereza halikuwa hatari pekee. Wasio na fedha za pombe ya magendo iliyo safi walikunywa spiriti za viwandani zilizosafishwa kiholela. Spiriti hizo zilitiwa sumu kwa amri ya serikali ili zisinyweke, na mwishoni mwa mwaka 1926 serikali iliamua kuongeza sumu hiyo. Mkuu wa uchunguzi wa vifo wa jiji la New York, Charles Norris, alipinga hadharani, akieleza kwamba wanaokufa zaidi ni maskini wasioweza kununua pombe nzuri. Mwaka 1930 maelfu ya watu, wengi wao wakiwa maskini, walipooza miguu baada ya kunywa dawa ya tangawizi iliyochanganywa na kemikali. Walikuwa wameinunua dawa hiyo dukani kwa sababu ilikuwa na kileo na ilikuwa rahisi.

Tunaweka mambo haya mbele ya msomaji si kwa nia ya kumwonea haya aliyecheka mbele ya baa. Tunayaweka kwa sababu ndiyo yanayokipa kicheko hicho maana yake. Baa ya siri ya Greystone inachekesha kwa kuwa tunajua hakuna aliyefungwa kwa ajili yake. Kama ukuta huo ungekuwa umefunguliwa na polisi, na mtu akapelekwa gerezani maisha, tungesimama mbele yake kimya. Kwa hiyo kile tunachokifurahia hasa ni usalama wa tajiri, ingawa tunadhani tunaufurahia ujanja wake. Hapa ndipo masimulizi yanapotugeuza washiriki bila kutuomba ruhusa.

Riwaya, filamu na njia ya bolingi

Walimu wa fasihi watafurahi kujua kwamba jumba hili lina ndugu katika maandishi. Mwaka 1927, ujenzi ukiwa unaendelea, Upton Sinclair alichapisha riwaya yake iitwayo Oil!, inayomhusu tajiri wa mafuta wa California na mwanawe. Maisha ya Doheny ni mojawapo ya vyanzo vyake, na kashfa ya kuwahonga wakubwa wa serikali imo ndani yake waziwazi. Mwaka 2007 Paul Thomas Anderson alitoa filamu ya There Will Be Blood, aliyoitoa katika sehemu ya mwanzo tu ya riwaya hiyo. Tukio la mwisho la filamu hiyo, lenye mauaji, lilipigwa katika njia za bolingi za Greystone.

Tazama safari ya matini hii. Riwaya ilikuwa na rushwa lakini haikuwa na jumba. Filamu ilipata jumba ikaiacha rushwa. Ziara ya leo inaweza kumwonyesha mgeni mahali mwigizaji Daniel Day-Lewis aliposimama, na mgeni akaondoka akiwa amejua zaidi juu ya mauaji ya kubuni kuliko juu ya fedha za kweli. Hatusemi filamu ni mbaya. Ni kazi nzito ya sanaa. Tunasema kwamba katika mnyororo wa matini kuna kitu kilidondoka, na kazi ya mhakiki ni kurudi nyuma kukiokota.

Suala la lugha: siri, faragha, sitara na maficho

Sasa tugeukie kile kinachotuhusu sisi walimu wa lugha. Mwanafunzi akiambiwa afasiri maelezo ya ziara ya aina hii, ataandika "chumba cha siri" kila mahali. Kisarufi hajakosea. Lakini Kiswahili kina hazina pana zaidi, na hazina hiyo inaweza kufanya kazi ya uhakiki ambayo maelezo ya awali hayakuifanya.

Faragha ni kujitenga na macho ya watu kwa jambo lisilo na ubaya. Watu hukaa faraghani kuzungumza, na hakuna anayewashuku. Sitara ni zaidi ya hapo: ni kufunika kwa heshima. Majumba ya kale ya mawe ya Lamu yalijengwa kwa kufuata fikra hii. Mgeni huishia darakani au kwenye baraza, na kadiri unavyozidi kuingia, kupita misana hadi ndani, ndivyo unavyozidi kuukaribia utu wa familia unaostahili kusitiriwa. Ukuta wa nyumba hiyo haumdanganyi mtu. Unamwambia mgeni wazi kwamba hapa ndipo mwisho wako.

Maficho ni jambo jingine. Ni mahali pa kumweka mtu au kitu kisipatikane na anayekitafuta. Siri nayo ni habari, si mahali. Hukaa katika kifua cha mtu, na huvuja.

Tukitumia tofauti hizi, jumba la Greystone linasomeka upya. Stoo ya mvinyo ya Wilson ilikuwa faragha. Baa ya Ned ilikuwa maficho, tena maficho ya kimchezo, kwa sababu hatuna habari ya aliyekuja kuyatafuta. Dola 100,000 zilikuwa siri, nayo ilivuja. Na upande wa watumishi haukuwa sitara hata kidogo, kwa kuwa waliokaa humo hawakusitiriwa wao. Wao ndio waliotumika kuwasitiri wengine. Mwanafunzi atakayeandika "chumba cha maficho" badala ya "chumba cha siri" atakuwa amekwisha kumwambia msikilizaji jambo, kwani maficho humfanya mtu aulize: alikuwa anafichwa nani, na nani aliyekuwa akitafuta?

Neno jingine la kuangaliwa ni "marufuku" lenyewe. Kipindi hiki tunaweza kukiita "enzi ya marufuku ya pombe". Tahadhari ni kwamba maneno hayo yasitumike bila kueleza kilichokatazwa hasa. Msomaji wa Kiswahili akisikia pombe ilikuwa marufuku, ataelewa kwamba kunywa kulikatazwa, na hoja nzima tuliyoijenga hapo juu itampotea.

Upande wetu wa dunia

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi tulioko Uganda? Yanatuhusu kwa njia ya moja kwa moja. Mwaka uleule wa 1919, tarehe 10 Septemba, mataifa makubwa, Marekani ikiwa mojawapo, yalitia saini mkataba huko Saint-Germain-en-Laye nchini Ufaransa kuhusu biashara ya vileo barani Afrika. Mkataba huo ulikataza pombe kali za biashara katika sehemu kubwa ya bara letu, huku ukiacha mwanya wa kuingizwa kiasi cha vileo kwa matumizi ya wasio wenyeji. Kwa maneno mengine, glasi moja, sheria mbili. Mzungu alipokunywa klabuni hakuhitaji ukuta wa kujifungua. Mwafrika aliyegema na kukereka alihitaji kichaka.

Mabaki ya fikra hiyo tunayafahamu. Hapa Uganda, sheria ya enguli ya mwaka 1965 ilimtaka kila mwenye kugema apate leseni. Nchini Kenya chang'aa iliendelea kuwa haramu hadi sheria ya mwaka 2010 ilipoihalalisha kwa masharti. Bibi aliyeficha mtungi wake uvunguni au shambani alikuwa na chumba cha siri vilevile. Hatujawahi kusikia ziara ya watalii inayoishia kwenye uvungu huo, watu wakacheka kwa mapenzi na kumwita mjanja. Huyo tumezoea kumwita mvunja sheria.

Tofauti hiyo ya majina ndiyo kiini cha uhakiki wetu. Tajiri aliyeficha chupa ana "chumba cha siri cha sherehe". Maskini aliyeficha chupa ana "pango la pombe haramu". Mwalimu wa lugha asiyeiona tofauti hiyo hataweza kumfundisha mwongozaji kuiona.

Hitimisho

Tathmini yetu ni kwamba jumba la Greystone ni matini tajiri inayosimuliwa kwa namna isiyoitendea haki pale baa inapofanywa kilele. Hatushauri baa ifutwe katika ziara, wala mwongozaji ageuke mhubiri. Tunashauri ihamishwe tu. Ianze baa, watu wacheke; kisha waelezwe sheria ilikataza nini na ilimwacha nani; kisha upande wa watumishi; kisha mkoba; na chumba cha risasi kije mwisho. Vyumba ni vilevile na dakika ni zilezile, ila msuko umepatikana, na mgeni ataondoka akijua kwa nini watu wawili walikufa katika nyumba iliyokuwa bado inanuka rangi mpya.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi. Wapeni wanafunzi jengo moja la kihistoria lililo karibu nao, liwe ikulu ya zamani, nyumba ya misheni, boma la mkoloni au nyumba ya mfanyabiashara wa kale. Waulizeni mambo matatu: ni siri gani inayoonyeshwa kwa wageni, ni siri gani isiyotajwa, na nani alikuwa akifua mashuka. Kisha waandike maelezo ya ziara kwa Kiswahili, kurasa mbili, wakichagua kwa makusudi kati ya siri, faragha, sitara na maficho.

Kazi zitakazokuwa bora zaidi zinakaribishwa katika toleo lijalo la jarida letu.